Mtaro, Mkwe na Jumuiya ya Wenye Nyumba

Hadi leo nikimsikia mtu anasema wananchi wajengewe uwezo, hasira hunipanda kabla hajamaliza sentensi. Niliifanya kazi hiyo Mbinga, miaka ile soko huria lilipoingia, nikiwa bibi maendeleo. Kama kuna watu waliojengewa uwezo wakajengeka, ni wenye nyumba wa mtaa mmoja wa mteremkoni, nyuma ya maghala ya kahawa. Niliwafundisha mimi, Jumamosi baada ya Jumamosi, katika darasa la shule ya msingi, wazee wazima wamekaa kwenye madawati ya watoto magoti yakigusa kidevu.

Zamani mitaro ya mji ilikuwa kazi ya halmashauri, na mahali halmashauri iliposhindwa, ushirika ulisaidia. Halafu wakaja wanunuzi binafsi wa kahawa na magari yao, ushirika ukayumba, na halmashauri nayo ikatangaza kwamba haina uwezo tena. Kila mtaa uunde jumuiya ya wenye nyumba, uchague viongozi wa kujitolea, uchimbe na kulinda mitaro yake. Mimi nikapewa kuwafundisha hao viongozi. Nilipouliza kwa vifaa gani, nikaambiwa kwa kuelimisha.

Aliyeipokea jumuiya ile kwa mikono miwili alikuwa mama mmoja, mhudumu wa wodi mstaafu, mtu wa Ziwa Nyasa kama mimi, upande wa Liuli. Alijenga nyumba yake kwa kiinua mgongo, chini kabisa ya mtaa, kwa matofali mabichi na plasta ya saruji juu yake. Juu kidogo ya nyumba yake, mzee mmoja mkulima wa kahawa kutoka Mpepai alikuwa amefungua duka, na baraza la duka hilo, la zege, alilimwaga juu ya mtaro. Tangu hapo kila mvua iliponyesha maji yaliuacha mtaro pale dukani na kwenda kugonga ukuta wa nyuma wa yule mama. Msimu uliopita yalikuwa yamekula hadi msingi. Siku ya kwanza tu alinichukua kwenda kuuona, akaingiza mkono mzima chini ya ukuta, akaniambia ukuta huo hautavuka msimu mwingine.

Alikuwa amekwenda kwa mzee yule. Mzee alimpa kiti, akamsikiliza vizuri, akamjibu kwamba mambo ya mtaa huyapokea kutoka kwa uongozi wa mtaa, si kwa mtu mmoja mmoja. Ndiyo maana mama akaipenda jumuiya. Hakukosa somo hata moja, na usipa, wale dagaa wa ziwani, aliotumiwa na ndugu zake aliwagawia majirani ili nao waje.

Katika masomo tulifanya maigizo. Mmoja anakuwa jirani aliyetupa taka mtaroni, mwingine kiongozi anayekwenda kumwambia. Kwa kazi hiyo hakuna aliyemfikia kijana mmoja fundi seremala. Alisimama wima, alisalimia kwanza, alisema jambo lake bila kufoka wala kujikunja, hadi jirani wa maigizo akajikuta anaomba radhi kweli. Niliona nimepata kiongozi. Siku ya uchaguzi wote walimnyooshea mkono, mama yetu akiwa wa kwanza, nami nikarudi nyumbani moyo mweupe.

Uamuzi wa kwanza wa jumuiya ulipita bila ubishi: nusu ya baraza livunjwe, liwekwe kalavati, wanachama wachimbe kwa zamu. Ilibaki mwenyekiti ampelekee mzee uamuzi huo. Kila kikao nilipouliza, nilijibiwa kuwa suala linashughulikiwa. Wakati huo ngolo, yale mashimo ya kilimo ya huku, zilikuwa zimeshalimwa milimani na watu walikuwa wakitazama juu kila asubuhi. Nikachoka. Siku moja nikamfuata mwenyekiti kwenye karakana yake, nikamwambia aweke randa chini, twende wote wawili.

Tulikuwa tumekaribia duka mzee alipotokea barabarani akija upande wetu. Niligeuka kumwambia mwenyekiti ajiandae. Hayupo. Alikuwa amechupa ndani ya mibuni ya jirani, amechutama, mgongo ameuelekeza kwetu. Nikabaki peke yangu katikati ya barabara. Nikamwamkia mzee shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza habari za kazi, akapita bila kutazama mibuni, naye alijua fika aliyekuwa mle. Alipokwisha kupotea, mwenyekiti alitoka akijipangusa majani.

"Yule ni mkwe wangu," akasema.

Nilimuuliza kwa nini hakusema. Akanijibu, kwa adabu ileile iliyompa kura, kwamba sikuuliza, na wenzake wote wanajua. Nikajua nimekwisha. Hata kwetu ziwani mkwe ni mtu wa kuheshimiwa, lakini kwa mila ya huku kijana huyu hakuwa na ruhusa hata ya kukutana naye njiani, sembuse kumwambia avunje baraza lake.

Nikawaita wajumbe. Niliwauliza, nadhani kwa sauti kubwa kuliko ilivyofaa, iweje watu wazima wachague mwenyekiti asiyeweza kusema na mtu pekee anayehitaji kuambiwa. Katibu, mwalimu mstaafu, alinieleza taratibu kama anayemrudishia mtoto daftari. Walimchagua kwa sababu hiyohiyo. Mtu anayejua kuheshimu wakwe hataleta ugomvi mtaani. Nilimtazama mama yetu. Yeye alisema alijua, ila alidhani cheo kingemfungua kijana mdomo.

Basi aende katibu, nikasema. Haiwezekani, wakanijibu, katibu hamruki mwenyekiti, tena kwa mkwe wake. Itaonekana kijana ametuma watu wamtukane baba mkwe. Aende mama mwenyewe na wajumbe wawili. Ni yaleyale. Iko njia moja tu, wakaniambia, na kila mmoja alikuwa anaijua tangu mwanzo: neno kati ya wakwe hupitia kwa mshenga aliyesimamia ndoa. Na mshenga yuko wapi? Alikuwa amehamia Liuli, anakausha samaki.

Nilipanda gari la mizigo hadi Liuli kumtafuta mshenga kwa ajili ya mtaro wa maji. Nilimkuta anageuza usipa juu ya chanja. Alinisikiliza, akakubali bila kinyongo, akasema atakuja usipa ukishakauka, na ni lazima kwanza apate kuku, maana mshenga haingii kwa mkwe mikono mitupu. Nilimweleza kuhusu ukuta. Akasema ameelewa, akaendelea kugeuza usipa. Nililia njiani wakati wa kurudi, si kwa huruma, kwa hasira tupu.

Alikuja, na mawingu yalikuwa yameshashuka. Aliingia kwa mzee na kuku wake, akasema kila kitu kwa mpangilio mzuri kuliko somo langu lolote. Na mzee, ambaye mtaa mzima ulikuwa umemwogopa, alikubali palepale. Akasema angeambiwa tangu mwanzo angelivunja yeye mwenyewe. Jibu hilo, bila shaka, lilipaswa kumfikia mkwewe kwa kinywa cha mshenga. Mshenga naye akaona si vizuri kufika huku bila kuwasalimu ndugu wa mzee kule Mpepai, akaenda na jibu lake. Wanachama walikuwa na nyundo na sururu tayari. Mzee alikuwa amekubali, tulijua amekubali, mkewe alikuwa ameshatuambia kisimani. Hakuna aliyegusa lile zege. Niliwasihi. Wakasema tusubiri jibu lifike.

Mvua ilinyesha Jumamosi mchana, jibu likiwa Mpepai. Ukuta wa nyuma ulianguka wote kwa mpigo, ukavuta na wa pembeni, na bati likalala juu ya kitanda. Mama alikuwa jikoni nje, akapona. Mtaa mzima ulikuja mbio na majembe. Mwenyekiti ndiye aliyefika wa kwanza. Alibeba mabati, alichimbua masanduku kwenye tope hadi mikono ikachubuka. Ningependa kusema walikuwa watu wabaya, ingenirahisishia. Mshenga alirudi, jibu likatolewa rasmi, na baraza likavunjwa asubuhi moja, mzee mwenyewe akiwapa watu uji.

Mama alipanga chumba kwa jirani, palepale mtaani, na aliendelea kuja kwenye vikao. Kikao kilichofuata nilipendekeza achaguliwe kuwa makamu mwenyekiti. Nilisema wazi kwamba jumuiya inahitaji mtu asiye na mkwe hapa Mbinga, anayeweza kwenda mlango wowote. Baadhi walipiga makofi. Mama aliinama akitazama mikono yake, na niliona anataka.

Mwenyekiti akasimama. Alimsalimu kwanza shikamoo, akampa pole tena kwa niaba ya wote, kisha akasema, kwa upole na bila kumung'unya neno hata moja, kwamba mapendekezo ni mazuri ila jumuiya hii ni ya wenye nyumba, na mama kwa sasa ni mpangaji. Hawezi kuchaguliwa, na kwa kweli hata kikao hiki hakupaswa kukikalia.

Niliangalia huku na huku nikisubiri mtu amkatize. Mama alivuta kitenge chake, akainuka kwenye dawati.

"Sawa, mwenyekiti," akasema. "Hili umeweza kuniambia mwenyewe."