Kijia cha Tamar Gaddis Katika Picha ya Mji

Tamar Gaddis hakukaa hata siku moja akiupa mlango mgongo. Alikuwa mjane, mfua nguo wa mji mdogo wa Fallowport, upande wa Ohio, Marekani ya enzi za utumwa, na nyumba yake ilikuwa ya mwisho kabisa, pale mji unapokwisha na mteremko wa kuingia mtoni unapoanza. Ng'ambo ya maji ni Kentucky, na Kentucky mtu mweusi alikuwa mali ya mtu. Huku Tamar alikuwa huru, lakini uhuru wenyewe ulikuwa wa kutazama nyuma kila hatua. Akipiga pasi, macho mlangoni. Akila, macho mlangoni. Mwanawe Enos, kijana fundi mapipa, alizoea kumtania: "Mama, huo mlango utaona haya kwa jinsi unavyoukodolea."

Hofu yake kubwa ilikuwa huyo huyo Enos. Watoro walipovuka mto kukimbia mabwana zao, Enos ndiye aliyewapokea kwenye miti ya mierebi chini ya mteremko, akawapandisha hadi mlango wa nyuma. Walilala darini, kisha wakaondoka wamefichwa kwenye gari la mapipa kuelekea kaskazini. Mzungu akikamatwa kwa kazi hiyo, alifungwa. Enos akikamatwa, Tamar hakuwa na shaka, angevushwa mto na kuuzwa, na asingekuwapo wa kuuliza. Mara nyingi alimkataza. Kisha angegonga mlango mwanamke aliyelowa hadi shingoni, meno yakimgongana, na makatazo yote yakamwishia Tamar mdomoni. Akaenda kukoroga uji wa mahindi.

Kiangazi kile alikuja mchoraji, Bwana Thackston. Kazi yake ilikuwa kuzunguka mji kwa mji akiichora. Mchoro unapelekwa Cincinnati kuchongwa kwenye bamba la chuma, unapigwa chapa, na watu wanautundika ukutani. Kila mji wenye makanisa mawili ulitaka picha yake. Thackston alivuka akakaa na kiti chake upande wa Kentucky, kwa sababu kutoka huko ndiko Fallowport inakoonekana yote. Alipomaliza, alitundika mchoro katika duka la Pruett, ili wenye nyumba waseme palipokosewa kabla chuma hakijachongwa.

Siku hiyo Tamar alikwenda dukani kupeleka mashati. Alikuta pamejaa.

"Bwana Thackston, lile banda la nguruwe liondoe," alikuwa akisema Bibi Haskell, mke wa mwenye kinu cha unga. "Wajukuu zangu waje walione mpaka mwisho wa dunia?"

"Na nguruwe wenyewe, bibi, niwaache?"

"Waache wa mchungaji. Wangu waondoe."

Watu walicheka. Mchungaji naye alikuwa akitaka mnara wa kanisa lake urefushwe. "Nikiurefusha tena utatoka nje ya karatasi," mchoraji alimwambia.

Tamar aliweka kikapu chini, akasogea kutafuta nyumba yake. Akaiona pale pembeni chini, ndogo kama punje, na bomba lake la moshi lililopinda. Alitaka kutabasamu. Ndipo alipoona mstari.

Ulitoka kwenye mierebi, ukapanda mteremko, mweupe, mwembamba kama uzi, ukaishia kwenye mlango wake wa nyuma.

Hakuwa amewahi kuuona. Ukisimama mlangoni kwake ukitazama chini, unaona majani tu. Lakini mchoraji alikaa ng'ambo, akachora alichokiona ng'ambo. Nyayo za watu wote wale, waliopanda mmoja mmoja gizani, zilikuwa zimechimba njia, na muda wote huo njia ile ilikuwa ikitazamana na Kentucky uso kwa uso. Tamar alihisi jasho likimtoka nyuma ya magoti.

"Na hiki je, ni nini?"

Sauti ilitoka nyuma ya bega lake, na harufu ya tumbaku. Kidole chenye ukucha mchafu kilipita juu ya kichwa chake, kikatua juu ya mstari. Kilikuwa cha Cash Ledbetter, mtu wa ng'ambo, aliyekuwa akilipwa kurudisha watoro.

"Kijia tu," alisema Thackston. "Mimi huchora kilichopo."

"Naona. Nyumba ya nani hiyo?"

"Ya Tamar," Pruett alijibu bila ubaya wowote. "Huyu hapa mbele yako."

Ledbetter alimtazama, akatabasamu taratibu, akamwita kama Wazungu walivyozoea kuwaita wanawake weusi. "Ala! Shangazi. Una nini cha kukupeleka mtoni mara nyingi hivyo?"

"Maji, bwana," Tamar alisema. "Mimi mfua nguo. Nachota maji."

"Maji gani?" Bibi Haskell aligeuka kwa kishindo. "Tamar! Si uliniapia kwamba nguo zangu unazifua kwa maji ya mvua?"

Ilikuwa kweli. Mapipa ya mvua yalipangwa kandokando ya nyumba, Enos ndiye aliyeyatengeneza, na mji mzima ulimjua Tamar kwa weupe wa mashati yake. Hilo ndilo jina pekee alilokuwa nalo. Ledbetter alikuwa bado anamtazama, kidole hakijatoka kwenye mstari.

"Nilikudanganya, bibi," alisema Tamar. "Mvua haitoshi. Nachota mtoni."

"Kwenye tope lile? Na machinjio yanamwaga humo humo?"

"Naam, bibi."

"Mungu wangu! Na mimi nimelalia mashuka yale!"

Duka lilivuma. Mmoja alinusa kola ya shati lake. Ledbetter alicheka mpaka akakohoa, lakini macho yake hayakucheka.

Thackston, aliyeona aibu kwa niaba ya wote, aliuliza kwa sauti ndogo, "Nikiache kijia, mama, au nikifute?"

Tamar alitamani kupiga kelele, kifute, kifute sasa hivi mbele yangu, lakini Ledbetter alikuwa akisikiliza. "Kiache, bwana," alisema. "Ni njia yangu."

"Na yeye mwenyewe mweke hapo na ndoo zake!" Bibi Haskell alidakia. "Kila mtu ajue uchafu wa nguo zake ulikotoka!"

Tangu siku hiyo wateja walimkimbia. Na tangu siku hiyo Tamar alibeba maji. Kila asubuhi alishuka na ndoo mbili, akapanda nazo polepole, amevaa kofia yake kubwa ya kitambaa na shali ya kijivu, ili yeyote aliye ng'ambo amwone. Mgongo ulimuuma.

"Mama, haya maji ya tope ya nini?" Enos alimwuliza. "Nani tena anakuletea nguo?"

"Ledbetter ananiletea macho yake. Yanatosha."

"Basi nitaacha kuwapokea watu kwa muda."

"Ulisema hivyo hata mwezi jana."

Hakuacha. Picha zilipofika kutoka Cincinnati, nyumba nyingi zilizitundika, na kwenye kijia alikuwapo mwanamke mdogo sana, ndoo mkono huu na mkono huu. Watoto walimwonyesha kwa vidole wakicheka.

Kisha ikaja asubuhi ya ukungu. Enos alirudi peke yake, amepauka. Mashua ilikuwa imechelewa, kukakucha, msichana mmoja amebaki kwenye mierebi, na ukungu ulikuwa ukiondoka upesi.

"Wewe usitoke," Tamar alimwambia. Akachukua ndoo akashuka.

Msichana alikuwa amejikunyata kwenye tope, macho yamemtoka. Tamar alipoinama kumshika mkono, alisikia makasia. Mashua ilikuwa ikija ikiambaa ukingo, na sauti aliyoijua ilikuwa ikizungumza ndani yake. Kisha mikono yake ikafanya kazi kabla kichwa hakijakubali: akaivua kofia, akamvika msichana, akamfunga shali.

"Shika ndoo. Panda polepole, kama mgongo unakuuma. Usigeuke. Hata ukiitwa, usigeuke."

"Na wewe, mama?"

"Nenda!"

Msichana alitoka mierebini, akaingia kwenye mwanga. Tamar alilala kifudifudi kati ya mizizi, kichwa wazi, maji baridi yakimwingia kifuani.

"Shangazi!" Ledbetter aliita, karibu mno. "Maji matamu leo?"

Hatua kwenye kijia zilisita. Tamar aliuma ngumi yake. Usigeuke, mwanangu. Usigeuke. Hatua zikaendelea.

"Kiziwi sasa," alisema mtu wa pili ndani ya mashua.

"Ana hasira nami. Nimemtundika ukutani kwangu, yeye na ndoo zake. Mke wangu anasema ndiye mtu pekee anayefanya kazi nyumbani."

Walicheka. Kasia moja liligonga mizizi, kisha mashua ikajisukuma, ikateremka na mkondo. Juu, mlango wa nyuma ulifunguka, ukafungwa.

Tamar hakuthubutu kuinuka. Kwa yeyote aliyekuwa akitazama kutoka ng'ambo, Tamar Gaddis alikuwa ameshapanda na maji yake, yuko nyumbani. Akazidi kujizamisha kwenye tope, akitetemeka, akaanza kungoja giza.