Siku Tatu za Kutazama Ndege Bariadi

Kwetu Ipililo, Maswa, kila mwenye mpunga huamia ndege, hasa kwelea, wasiumalize, lakini baba yangu aliitwa mpaka kwenye mashamba ya watu. Akiwa juu ya dungu, kile kichanja cha mlinzi, aliliona kundi la ndege likiwa bado kama vumbi, akaanza kupiga kelele huku wenzake wakimshangaa. Kwa hiyo macho yake yalipoanza kufifia, hakuna aliyethubutu kumwambia. Alimimina chai nje ya kikombe, mama akafuta meza, maisha yakaendelea.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, hata pamba ilikuwa na wanunuzi wapya wenye malori yao. Tukasikia daktari wa macho atakuwa Bariadi kwa siku tatu, na hakuna aliyejua atarudi lini tena. Nikamwambia baba twende tukamsalimie shangazi. Alikubali. Tulipofika ndipo nikataja daktari, naye akasema hospitali ni ya wagonjwa.

Ili nisiendelee kumsumbua, alinitembeza mjini akinitajia ndege.

"Kongoti hao, mayu," alisema tulipokaribia machinjio. Mayu ni mama, na ndivyo alivyoniita tangu nilipozaliwa. Kweli kongoti walikuwepo, wamesimama na vipara vyao wakisubiri utumbo. Lakini machinjio yalinuka toka mbali, na penye machinjio kongoti hawakosi. Kwenye mashine ya kusaga akasema shomoro, na shomoro walikuwepo. Nikaanza kujiuliza kama mwenye macho mabovu ni mimi.

Siku ya pili tulipita penye mitumba. Mifuko myeusi ya plastiki ndiyo kwanza ilikuwa imeingia, na wauzaji walikufungia hata sindano. Upepo ukiipeperusha, ilinasa kwenye waya wa simu. Baba akasimama chini ya waya, akarudisha kofia nyuma.

"Kunguru saba," alisema. "Hawaruki. Hapa chini kuna paka."

Muuza mitumba alikuwa anatusikiliza. Binti wa Kisukuma hamsahihishi baba yake mbele ya watu.

"Ndiyo, baba," nikasema. "Tena paka mwenyewe mkubwa."

Nilijichukia siku nzima. Adabu yangu ilikuwa inamwacha baba apofuke, na shangazi akanisifu kwa kulelewa vizuri.

Siku ya tatu daktari alikuwa anaondoka jioni. Mchana tulikuwa tumekaa kwenye benchi nje ya duka moja sokoni, baba akikataa kwa mara ya nne, mara watu wakanyamaza na kutazama juu. Kwelea walikuwa wanapita juu ya mji, kundi refu lisilo na mwisho, wanavuma kama mvua iliyo njiani. Baba akainua uso. Akaugeuza kushoto, kisha kulia, akatafuta kwa muda mrefu.

"Mayu," akasema polepole, "wanaelekea wapi?"

Sikuwahi kumsikia baba akimuuliza mtu habari za ndege. Iliniuma sana. Kwelea walikuwa wanaelekea Serengeti, wala hawakuwa na habari na sisi.

"Kwetu, baba," nikasema. "Wameshika njia ya Maswa moja kwa moja."

Akapapasa fimbo yake, akasimama.

"Hiyo hospitali iko upande gani?"

Alitolewa mtoto wa jicho la kulia alasiri ileile. Daktari alimwagiza apumzike ndani mwezi mzima, asiende kwenye vumbi. Wiki ya pili alikuwa juu ya dungu, amegeukia upande wa Bariadi, na hakushuka isipokuwa kula na kulala mpaka mpunga ukavunwa. Kwelea hawakuja mwaka ule. Baba aliliona hilo kwa jicho lake mwenyewe.