Wakadhani Ninazaa, Kumbe ni Mgongo

Chekeni tu, mimi mwenyewe nimeshacheka, ingawa siku ile kanisani hapa Bwera, Uganda, nilitamani ardhi inimeze. Mimba ilikuwa ya miezi sita, na mimi nina ugonjwa wa baridi yabisi ya uti wa mgongo (ule wa kuamka umekauka kama ubao, mpaka utembeetembee ndipo ulegee). Sasa jirani yangu sokoni, Masika muuza vitenge, akaniapia kwamba mimba inatuliza viungo, dada yake mwenye vidole vya kuvimba alipata nafuu kabisa, basi nikaacha dawa bila kumuuliza mtu, nikangoja nafuu yangu, na maumivu yakazidi.

Jumapili hiyo mahubiri yalikuwa marefu, nikakaa mpaka nikaganda, halafu watu wakapiga magoti na mimi (nisionekane mwenye kiburi) nikapiga. Kuinuka, wapi! Nikatoa sauti, na Masika nyuma yangu akapaza yake: "Mutoto iko anakuja!"

"Si mutoto, ni mugongo!" nikalia, lakini kwaya ilikuwa imeanza kuimba, na wamama walishanizungushia vitenge, wakaninyanyua kama gunia la kahawa mpaka zahanati.

Mkunga akauliza uchungu umeanza lini. Nikamwambia haujaanza, nikamweleza yote. Hakucheka. "Ugonjwa wa vidole ni mwingine, dada. Huu wa mgongo mara nyingi mimba haiutulizi, wengine unawazidi. Kuna dawa zinazofaa na nyingine tunazisimamisha mimba ikikua, lakini ni daktari anayeamua, si soko. Na usikae sana, tembea."

Kisha akaniweka mkono kiunoni, akakanda polepole, nami nikalia kwa sauti, kwa sababu hivyo ndivyo mama yangu alivyokuwa akinikanda kwetu Butembo, ng'ambo ya mpaka kule Kongo, kabla barabara haijawa mbaya kwa vita. Huko nje wamama wakasikia kilio, wakapiga vigelegele: "Amezaa!"

Jioni nilimpigia mama. Nikamwambia tu, "Mama, mugongo." Akasema: "Geuka, mutoto wangu, ulale kwa ubavu, nikukande." Nikageuka kweli, simu sikioni, nikafumba macho.

Mtoto alizaliwa salama wakati wake, kwa njia ya kawaida, na mama yangu hajamshika bado, barabara ni ile ile. Dawa sitaziacha tena kwa maneno ya sokoni, hilo nimeapa. Masika bado ananiuzia vitenge.