Chapisho Nililolifuta

Niliporudi Bariadi kutoka Mwanza na diploma yangu ya habari, baba mdogo na jirani zake wawili walinicheka. "Wafugaji gani wasome mambo ya mtandaoni? Utashindwa kabla pamba haijavunwa." Hata hivyo kila mmoja alinikopesha mtamba mmoja. Niliuza mitamba hao, nikanunua kompyuta na kufungua ukurasa wa kutafuta ng'ombe waliopotea. Niliweka sheria: kila tangazo liwe na picha, na asitajwe mtu kwa tuhuma. Ndiyo maana watu hadi Lagangabilili waliuamini. Niliujenga mimi, na sioni haya kusema.

Asubuhi moja ng'ombe wawili wa baba mdogo walikutwa wamekufa. Akaandika kwenye ukurasa wangu kwamba wamerogwa na bibi mmoja wa Zagayu, akataja jina lake na kuweka picha ya nyumba yake. Nilijua wapo watakaosoma na kwenda pale na mapanga. Nikalifuta chapisho hilo papo hapo.

Baba mdogo alikuja na jirani zake wale wawili, bila hata salamu ya mwangaluka.

"Rudisha nilichoandika."

"Sirudishi, baba."

"Basi rudisha mitamba yetu. Au hiyo diploma inazaa?"

"Siku ya mnada mtawapata."

Niliuza pikipiki niliyotoka nayo Mwanza, nikanunua mitamba watatu walionona kuliko wale wa kwanza. Nikawakabidhi wote watatu mnadani. Baba mdogo alipokea kamba bila kunitazama. Nikapanda bodaboda hadi Zagayu, nikamkuta yule bibi salama, anaanika mahindi mbele ya nyumba ileile ya pichani.