Jiwe la Meno ya Hana

Nilikuwa mtoto wa miaka minane, tukiishi katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, na hakuna kitu nilichoogopa kuliko makaburi ya Kashojwa, kijiji chetu humo kambini. Koko, ndivyo nilivyomwita bibi aliyenilea, ndiye aliyenitia woga huo. "Usitoshe kitu kwa kaburi," alizoea kusema, yaani nisiondoe chochote pale. "Kaburi itakufwata, ichukue mutoto."

Jirani yetu alikuwa Mama Hana, Mjapani aliyefundisha ushonaji. Mtoto wake alipofikisha siku mia, alitualika. Kwao siku hiyo mtoto hulishwa kwa mara ya kwanza, kwa kuigiza tu: wali, samaki na mchuzi humgusa midomo. Mwisho kijiti cha kulia hugusishwa kwenye jiwe safi, kisha kwenye ufizi, ili meno yaje kuwa magumu. Mlishaji huwa mwanamke mkongwe kuliko wote, basi akachaguliwa Koko. Mimi nikatumwa jiwe.

Mvua ilikuwa imenyesha na mawe yote yamejaa tope. Nilijua moja tu jeupe, laini: lile tuliloweka juu ya kaburi la mdogo wangu Amani, aliyefariki akiwa na miezi miwili. Nilijiambia Amani ni wetu, hatanidhuru. Nikalichukua na kukimbia bila kugeuka nyuma.

Koko alipomgusa Hana ufizi kwa kile kijiti, mtoto alipaliwa. Alikohoa, akawa mwekundu, macho yakamtoka. Niliona kaburi limefika mlangoni, na mimi ndiye niliyelileta. Hata alipotulia na watu wakacheka, mimi niliendelea kuuangalia mlango.

"Jiwe lirudi lilikotoka," Mama Hana akaniambia, "na ushukuru."

Nikamnong'oneza Koko kila kitu, nikingoja kofi.

Hakunipiga. Aliligeuzageuza jiwe mikononi. "Amani alitutoka bila kulamba hata uji," akasema. Akachovya kidole kwenye mchuzi, akalipaka jiwe. "Twende tumurudishie. Na yeye akule."

Sasa naishi Mbarara, na bado sipiti makaburini nikiwa peke yangu. Lakini binti yangu alipofikia kula uji wa kwanza, nilimfunga mgongoni, tukapanda gari hadi Rwekubo, mji mdogo ulio karibu na kambi, na kuendelea mpaka kambini. Nilipiga magoti pale kaburini, nikamwomba mdogo wangu aniazime jiwe lake. Nililirudisha jioni ileile, limepakwa uji.