Siku Ardis Alipofungua Mkono wa Nyumba Yake

Kila theluji ilipoyeyuka, Ardis Tollefson alijilaza chali, akaingia chini ya nyumba yake na pampu ya mkono, akajaza matairi upepo. Nyumba yenyewe haikuwa imesogea hata kidogo tangu iwekwe hapo, na watoto waliozaliwa mwaka ule sasa wana watoto wao. Sisi majirani tulitoka na vikombe vya kahawa kuitazama miguu yake ikitokeza nje. Kila mwaka nilimwuliza anasafiri lini, naye kila mwaka alinijibu kutoka huko chini kwamba akifika atanitumia kadi.

Watu wa mjini nyumba zetu wanaziita trela. Nikilisikia neno hilo nakunja uso mpaka leo. Ndiyo, zinatoka kiwandani zimekamilika, jiko na choo humo humo, na lori huzivuta mpaka kwenye kiwanja. Baada ya hapo ni nyumba kama ya mtu yeyote, isipokuwa ardhi iliyo chini yake huwa ya mtu mwingine. Wengi wetu tukishatua tunafungua magurudumu na ule mkono wa chuma unaotokeza mbele, pale lori linapofungwa, tunauza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Ardis hakuuza kitu. Mkono wake ulibaki umetokeza uani, akauzungushia maua ya petunia, na mimi nimejikwaa pale mara nyingi kuliko ninavyopenda kusema.

Alikuwa na sababu, na alinieleza mara moja tu, tukisukuma mikate ya viazi ya Krismasi jikoni kwake. Alipoolewa, yeye na marehemu mumewe walikaa katika mtaa wa nyumba kama hizi karibu na reli. Mwenye ardhi akaiuza yajengwe maduka. Nyumba yao haikuwa na magurudumu tena wala hapakuwa na wa kuinyanyua, basi tingatinga likaibomoa Ardis akiwa amesimama barabarani, amekumbatia masufuria aliyopewa harusini. Hakulia aliponisimulia. Aliendelea kusukuma mkate mpaka ukatoboka.

Walipopata nguvu tena, alinunua nyumba pacha na mdogo wake, LaVonne, kiwanda kimoja, siku moja, rangi ya kijani hafifu zote mbili. Ya Ardis ikaja huku kwetu kaskazini mwa Minnesota, ya LaVonne ikaenda kusini karibu na jiji, alikokuwa na kazi. LaVonne hakuwa na hofu za dada yake. Wiki ya kwanza tu aliuza mkono wa nyumba yake, pesa akanunulia kiti cha kubembea. Alisema nyumba isiyokwenda popote inahitaji mahali pa kukaa. Ardis alimwona mjinga, na hakumficha.

Mtaa wetu sisi wenyewe tuliununua. Mwenye ardhi alipotaka kuuza, tuliunda ushirika, tukakopa, na leo ardhi ni yetu sote. Ardis alipiga kura ya hapana, kisha akajitolea kupika kahawa ya mikutano yote, kwa sababu alisema wajinga nao wanahitaji kahawa. Tatizo likawa mabomba. Yalikuwa ya zamani kiasi kwamba maji yalitoka na rangi ya chai, shuka nyeupe hakuna aliyekuwa nayo, na baridi ikizidi yalipasuka, tukayeyusha theluji jikoni ili tusafishe choo. Mwenyekiti wetu, Marisol Quezada, anayefanya kazi kwenye kiwanda cha batamzinga, ndiye aliyegundua kwamba jimbo limetenga fungu la fedha kwa mitaa kama yetu. Akaomba. Wakamkatalia. Akaomba tena.

Fungu lilipokuja, nakwambia, watu wazima tulikumbatiana kwenye maegesho. Mabomba mapya, maji taka mapya, na zaidi ya hayo viwanja vipya nyuma ya misonobari, kwa watu ambao hawajui watakaa wapi. Kuna mtu aliandika gazetini kwamba kodi yake inatupwa kwa watu wa trela. Mimi naendesha gari la kuondoa theluji mbele ya mlango wake, na kodi ninalipa kama yeye.

Kulikuwa na sharti moja. Kila nyumba itakayounganishwa ikae juu ya zege na kufungwa kwa nyaya za chuma, magurudumu na mkono viondolewe. Mtaa mzima tukashika spana. Ardis akakataa.

Mkutano ulifanyika kwenye ukumbi ulio chini ya kanisa la Kilutheri. Ardis alimimina kahawa ya watu wote kwanza, ndipo akasema lake.

"Leo wanatupatia zege," alisema, "kesho watasema zege ni lao na sisi tupishe."

Marisol alimjibu taratibu. "Zege ni letu, Bi Ardis. Ardhi ni yetu. Nani atakufukuza? Mimi?"

"Wewe hapana, mwanangu. Lakini wewe hutakaa kwenye kiti hicho milele."

Watu wakacheka, Marisol naye akacheka, lakini mwenzangu, lile halikuwa la kuchekesha. Mafundi wangefunga kazi kabla ardhi haijaganda, na nyumba ambayo haitakuwa imeunganishwa ingebaki na maji ya rangi ya chai. Ardis alikunywa kahawa yake, akasema ameizoea.

Majani yalipoanza kubadilika rangi, LaVonne alipiga simu. Mtaa wake umeuzwa, panajengwa ghala. Nyumba ambayo haitakuwa imeondoka mwisho wa mwezi itabomolewa. Alikuwa ameuliza kila mahali: kwingine hakuna nafasi, kwingine hawapokei nyumba kuukuu. Nilikuwepo jikoni kwa Ardis simu ilipoingia. Alishika ukingo wa meza, na nilijua anaona tingatinga lilelile.

Alioka keki ya tufaha, akavuka njia mpaka kwa Marisol. Mwanamke aliyepinga kila senti ya fungu lile alisimama mlangoni na trei, akaomba kiwanja kwa ajili ya mdogo wake. Marisol angeweza kumkumbusha maneno yake, na mimi nadhani ningemkumbusha. Yeye alimwambia tu kwamba viwanja vile vilijengwa kwa ajili ya watu wa aina ya LaVonne hasa, na cha kwanza zege lake limeshakauka. Kisha akala vipande viwili vya keki.

Fungu lililipia na kuhamisha. Fundi wa kuvuta nyumba, Merle, mzee mpole mwenye lori kubwa, alikwenda kusini siku mbili kabla ya mwisho. Adhuhuri LaVonne akapiga simu, safari hii analia. Merle alikuwa amekuja na magurudumu yake, lakini mbele ya nyumba hapakuwa na pa kufungia lori, ila matundu ya bolti. Mikono ya kuazima aliyokuwa nayo ilikuwa ya viwanda vingine, haikuingia. Kiwanda chao kilishafungwa zamani. Mwenye mashine ya kuchomelea alikuwa na foleni ya wiki nzima, kwa sababu mtaa mzima ulikuwa unahama.

"Nisamehe, dada," LaVonne alisema, nami nilimsikia mpaka nilipokaa. "Nilinunua kiti."

Ardis alikata simu. Akatoka nje. Alisimama kwenye petunia zake zilizokwisha kuunguzwa na baridi, akautazama ule mkono wa chuma. Halafu akapiga moyo konde.

"Orrin," aliniambia, "lete spana kubwa. Na hiyo pikapu yako itoe mizigo."

Nati zilikuwa zimeshikwa na kutu. Mume wa Marisol alimwaga mafuta, mimi nikaning'inia kwenye spana kama nguo kwenye kamba, hazikusogea. Majirani wakaja na vifaa vyao na ushauri wao, ushauri ukiwa mwingi zaidi. Ardis akatusukuma pembeni, akagonga kila nati kwa nyundo, kwa hasira aliyoitunza tangu ujana wake, kisha akatuambia tujaribu sasa. Ikalegea moja. Zikalegea zote. Chuma kilipoanguka juu ya maua hakuna aliyeshangilia, maana tulikuwa tunamtazama yeye. Akapangusa mikono kwenye aproni, akatuuliza tunangoja nini.

Tuliendesha mpaka kusini, yeye hakufumba jicho wala hakuniacha niwashe redio. Merle alikinyanyua kile chuma, akakisogeza kwenye nyumba ya LaVonne, na matundu yakaoana yote. Akampa Ardis heshima ya kukaza bolti ya kwanza. LaVonne alikaa kwenye kiti chake cha kubembea katikati ya uwanja mtupu, akalia na kucheka kwa pamoja.

Kesho yake nyumba ya kijani iliingia mtaani kwetu na vibendera vyekundu pembeni. Basi la shule lilisimama likaipisha, watoto wakagonga vioo. Ardis alitembea mbele ya lori akiwapungia mikono watu waondoe magari, na waliochelewa walisikia maneno yake. Watu walikuwa wametandika meza, viazi na nyama vya kuoka vilikuwa vya kulisha jeshi. Merle aliishusha nyumba juu ya zege jipya, mafundi wakaiunganisha, LaVonne akafungua bomba. Maji yalitoka meupe. Marisol alijaza glasi, akamkabidhi Ardis kwanza, naye akainywa yote kabla hajaipitisha. Sijapata kufurahi vile, na sioni aibu kusema.

Nyumba ya Ardis iliwekewa zege wiki hiyo hiyo. Ndiyo ilikuwa ya mwisho, na mafundi wanasema hawajawahi kukuta matairi ya zamani yaliyojaa upepo vizuri namna ile.

Merle alipomaliza kufungua ule mkono kwenye nyumba ya LaVonne, aliuburuta mpaka mlangoni kwa Ardis, alipokuwa amesimama na LaVonne, akamwuliza auweke wapi.

"Upeleke kwa wa vyuma chakavu," Ardis alisema. "Pesa nikanunue kiti kama cha huyu."

"Hutauhitaji tena, mama?"

"Wa nini? Mimi nimeshafika."