Nilivyobadilisha leso kwa namba mlangoni mwa dansi, Voi miaka ya hamsini, na binamu yangu akakaribia kupotea

Habari zenu wakuu, na wale wanaopita kimya kimya bila kuacha neno, nawasalimu pia.

Nimesoma uzi wa wiki iliyopita kuhusu klabu za hapa Voi: wasichana kuwekewa kitu kwenye kinywaji, bouncer anayejua kupiga tu, na wristband ambayo mtu akishavua hakuna anayejua yuko wapi. Nimesoma comment zote. Mmoja wenu ameandika kwamba zamani kulikuwa na usalama kwa sababu watu walikuwa na maadili.

Kijana, nakushukuru kwa kutuheshimu. Lakini nilikuwepo, na nilikuwa mlangoni. Nitaeleza nilichokiona, sitaongeza wala kupunguza. Mimi ni mwalimu mstaafu, mnivumilie nikieleza sana.

Kwanza mjue palivyokuwa.

Nyuma ya maduka, karibu na nyumba za wafanyakazi wa reli, kulikuwa na kumbi tatu za dansi. Mabati juu, mabati ubavuni, sakafu ya saruji. Sisi tulipaita Laini. Wacheza dansi walikuwa watu wa reli, watu wa mashamba ya katani, makarani, na sisi wasichana tulioshuka kutoka milimani kufanya kazi za nyumbani au kujifunza cherehani. Muziki ulikuwa gitaa mbili, kodiani, na mtu mmoja aliyepiga chupa ya soda kwa msumari. Huyo wa chupa ndiye aliyejiona zaidi.

Dansi ilikuwa mchana. Zilikuwa siku za Hali ya Hatari, na kibali cha mkusanyiko kiliisha saa kumi na mbili jioni. Kwa hiyo Jumamosi tulianza saa nane mchana, jua likiwaka, watu wakitoa jasho ndani ya makoti ya kuazima. Ndiyo, makoti. Voi. Mchana.

Ukumbi niliofanyia kazi ulikuwa wa mzee mmoja na mkewe, Mama Salama. Mama alikuwa mzaliwa wa Mombasa, mtu wa buibui na maneno machache. Yeye hakuingia ndani kucheza hata siku moja. Alikaa mlangoni kwenye kiti cha kamba.

Utaratibu wake ulikuwa huu. Kila msichana akiingia anavua leso yake ya juu, ile ya kujitanda, anamwachia Mama. Mama anaikunja na kuiweka kwenye rafu. Saa ya kutoka, unakuja wewe mwenyewe, unasimama mbele yake, anakutazama usoni, anakupa leso yako. Hampi mtu mwingine. Mwanamume akija na kusema ametumwa leso ya fulani, Mama anamjibu, "Mwambie aje, namngoja." Basi. Hata kama ni mchumba. Hata kama ni karani.

Kwa hiyo saa kumi na mbili, leso iliyobaki kwenye rafu ilikuwa na maana moja: kuna msichana hajaonekana. Na hakuna msichana wa Chawia au wa kwingine kule milimani angerudi nyumbani bila leso. Mama yake angemuuliza kabla hajaketi.

Nilipoajiriwa kumsaidia Mama nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimesoma mpaka darasa la sita, na nilijiona nimeelimika kuliko stesheni masta.

Sasa mambo yakaanza kubadilika.

Ukumbi wa ng'ambo ya barabara ulileta gramafoni ya kipaza sauti. Wasichana wakaanza kuvaa magauni yenye mkanda na viatu vya kisigino. Wakajipa majina ya dansi: Rosi, Lili, Viki. Binamu yangu Wakio, binti wa baba mdogo, alikuwa Lili kuanzia saa nane mpaka saa kumi na mbili.

Na gauni la mkanda halikai vizuri na leso. Wakaanza kulalamika.

"Kule ng'ambo hawaulizwi kitu," Wakio aliniambia. "Sisi hapa tunapanga foleni na leso kama tunakwenda kliniki."

"Mama hatakubali," nikamwambia.

"Wewe si ndiye msomi? Mfundishe."

Nikamfundisha. Nilikata maboksi ya viatu, nikaandika namba kwa wino, mbili mbili. Kipande kimoja anapewa msichana, kingine kinabaki kwenye msumari ukutani. Akitoka anarudisha chake, nakitundika juu ya mwenzake. Misumari yote ikijaa vipande viwili viwili, wote wametoka. Safi, haraka, na hakuna mtu anayebeba leso.

Mama Salama aliutazama ubao wangu kwa muda mrefu.

"Hii karatasi inajuaje mwenyewe?" akauliza.

"Mama, kila mtu ana yake."

"Haya mwanangu. Wewe ndiye uliyesoma."

Nilidhani ananisifu.

Jumamosi tatu mambo yalikwenda vizuri. Nilikuwa nikimaliza kazi kabla Mama hajamaliza kukunja kiti chake. Mzee alinipongeza mbele ya wapiga gitaa.

Jumamosi ya nne, yapata saa kumi na moja na nusu, kulikuwa na msongamano mlangoni. Akaja kaka mmoja wa makamo, suti ya kijivu, amechana nywele vizuri, Kiswahili laini. Alikuwa amekuja Jumamosi mbili zilizopita pia. Akanipa namba kumi na saba.

"Binti ametangulia na wenzake," akasema. "Nimeona mna kazi nyingi, nikamsaidia kuirudisha."

Nilipokea. Nikaitundika. Na nikamwambia asante kaka kwa kutupunguzia kazi.

Hayo ndiyo maneno yangu. Nimeishi nayo.

Saa kumi na mbili misumari yote ilijaa. Nikamwita Mama aone. Yeye hakuutazama ubao. Alitoka nje kama kawaida yake, akaenda walipokuwa wakikusanyika wasichana wa kurudi mtaa wa Kaloleni pamoja, akawapitia mmoja mmoja. Akarudi.

"Wakio yuko wapi?"

"Ametoka, Mama. Namba yake hii hapa, kumi na saba."

"Sikuulizi namba. Umemwona uso?"

Nikautazama tena ubao.

"Nani kaileta?"

Nikamwambia. Wakati nikisema ndipo nilipokuwa nikielewa.

Mama aliingia jikoni, kwa mama aliyekuwa akikaanga bajia. Huyo akasema alimwona Wakio akipita mlango wa nyuma, viatu mkononi, akielekea stesheni. Hakudhani ni neno. Alidhani visigino vimemchosha.

Treni ya abiria ya kwenda pwani ilikuwa imechelewa siku hiyo, jambo ambalo watu waliokuwa stesheni walilalamikia sana. Mimi tangu siku hiyo sijawahi kulalamikia treni iliyochelewa.

Nikataka kukimbia. Mama akanishika mkono. "Tembea," akasema. "Mwanamke akikimbia stesheni, askari atamsimamisha yeye kwanza."

Tukatembea. Sijawahi kutembea safari ndefu kama ile, na ni mwendo wa dakika kumi.

Wakio alikuwa amekaa jukwaani juu ya sanduku la yule kaka. Yule kaka alikuwa kando yake, tiketi mbili kwenye mfuko wa koti, zikionekana. Wakio aliponiona alikunja uso. Hakuwa amefungwa kamba, wakuu. Hakuwa amepewa dawa. Alikuwa na furaha, na mimi nilikuwa nimekuja kuiharibu.

"Usianze," akaniambia. "Nimepata kazi. Nyumba ya cherehani Mombasa, na kulala huko huko. Nilijua ukijua utamwandikia baba, ndiyo maana nikampa namba, nikapita nyuma."

Mimi nikaanza kumweleza kwa nini asiende. Nilieleza vizuri sana, kwa hoja. Kila nilichosema kilimfanya akae imara zaidi juu ya sanduku.

Mama Salama akanigusa bega nikanyamaza. Akamgeukia yule kaka, kwa upole kabisa, kama mtu anayeulizia habari za kwao.

"Hujambo mwanangu. Nasikia unatoka kwetu. Mtaa gani?"

"Makadara, Mama."

"Alhamdulillahi. Nyumba ya nani?"

"Ya Bi Fatuma."

"Bi Fatuma binti nani?"

"Bi Fatuma tu."

"Mombasa nzima, Bi Fatuma tu!" Mama akacheka kidogo. "Huyo atakuwa mtu mkubwa sana. Haya. Na maji mwateka wapi?"

"Kuna bomba pale... karibu."

"Karibu na wapi?"

"Na nyumba."

Watu wawili waliokuwa wamekaa juu ya magunia yao wakageuka kusikiliza. Yule kaka akatazama upande treni ingetokea.

"Mama, una maswali kama polisi," akasema.

"Hapana baba, mimi ni mzazi. Hili la mwisho. Huko nyumbani kwa Bi Fatuma kuna wasichana wengine?"

"Wapo wengi tu. Atazoea."

"Vizuri, hatakuwa mpweke. Nitajie jina la mmoja."

Akapapasa tiketi mfukoni.

"Mmoja tu. Mmeishi nao, mmekula nao. Hata jina la utani."

Wakio alikuwa amemgeukia sasa, anangoja jibu. Nadhani naye alitaka kujua atalala chumba kimoja na nani.

Yule kaka akatazama tena upande wa treni. Akasema, "Majina yao siwezi kuyakumbuka yote."

"Sijakuuliza yote," Mama akamwambia.

Treni ikaingia. Akamwambia Wakio, "Twende Lili, achana nao." Wakio hakuinuka. Baadaye aliniambia haukuwa ushujaa, bado alikuwa akingoja jina. Yule kaka akaushika mpini wa sanduku akauvuta. Wakio alikuwa mzito juu yake. Filimbi ikapigwa. Akatutazama sote watatu, akauacha mpini, akapanda peke yake. Hakukaa dirishani.

Tukabaki jukwaani na sanduku la watu.

Tulilipeleka kwa koplo wa zamu pale pale stesheni. Akaandika jina la Mama, akaandika jina langu, akakosea yote mawili. Kisha akalifungua.

Ndani kulikuwa na magauni mawili ya kike. Hakukuwa na shati, wala suruali, wala wembe wa kunyolea. Magauni mawili, saizi mbili tofauti, yamevaliwa.

"Kuna mtu ameibiwa?" koplo akauliza.

"Hapana."

"Kuna mtu amepigwa?"

"Hapana."

"Basi hapa hakuna kesi," akasema, na akaandika: sanduku moja, nguo za kike.

Gauni moja lingemtosha Wakio. Lingine lilikuwa la msichana mdogo kuliko yeye. Wakio alilichukua hilo dogo akageuza pindo. Alikuwa mwanafunzi wa cherehani, mkono wake ulikwenda huko wenyewe. Pindo lilikuwa limeteremshwa na kushonwa upya kwa mkono, kwa uzi wa rangi isiyolingana, kama mtu anavyomrefushia mtoto nguo akiwa ameanza kukua.

"Hii imeshonwa na mama yake," Wakio akasema.

Koplo alitaka kufunga sanduku. Ilibidi amngoje kidogo.

Mtaniuliza yaliyofuata. Ubao wangu niliungoa mwenyewe Jumatatu. Leso hazikurudi, wasichana walikataa kabisa, na sikuwalaumu: mtindo ukishapita umepita. Mama akaja na jambo lingine. Kila msichana akiingia alimtajia jina lake la nyumbani na jina la mwenzake anayerudi naye, na kutoka wakatoka wawili, wakatazamwa usoni. Foleni ikawa ndefu tena. Wengine wakahamia ng'ambo kwenye gramafoni. Mzee alinung'unika. Mama aliendelea kukaa kwenye kiti chake.

Wakio hakunisemesha miezi miwili. Kisha akaja siku moja kuniazima makasi, tukaendelea. Ana wajukuu sasa, na ameniruhusu kuandika jina lake, maana Wakio ni wengi.

Sasa somo langu, kwa wenye klabu na kwa wazazi.

Usidhani nawaambia mrudi kwenye leso. Wekeni CCTV, wekeni wristband, vyote ni vizuri. Lakini awepo mtu mmoja mlangoni ambaye kazi yake ni kutazama nyuso na kujua majina. Bouncer anayejua kupiga anakusaidia ugomvi ukishaanza. Yule kaka wa suti ya kijivu hakugombana na mtu. Alinisaidia, nikamshukuru.

Na nyinyi mabinti mnaosoma hapa, siwakatazi kucheza. Nilicheza sana. Chezeni, furahini, ila mtu akikupa habari ya kazi nzuri mahali pa mbali, muulize jina la mmoja aliyempeleka huko kabla yako. Mngoje ajibu. Msipoona aibu kuuliza, mmeshajilinda nusu.

Mnaofanya kazi klabu za hapa Voi, naomba mtueleze chini hapo: msichana akiingia kwenu, nani anajua kwamba ametoka, na ametoka na nani? Semeni ukweli, hakuna atakayewacheka. Mimi ndiye niliyesema asante.

Na nina ombi jingine, ndilo hasa lililonifanya niandike. Kama katika ukoo wenu kuna shangazi au nyanya aliyeondoka huku kwetu miaka ile kwenda pwani kushona, na hakurudi, mwandikeni kwenye comment. Si lazima mwandike habari zake zote.

Jina lake tu.